Ghala Lililokaguliwa kwa Juu

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa nyumba!
Ya nani?
Ya Bi Panya!
Ina paa?
Haina, na ndiyo maana leo sikai nikatulia. Sogeeni karibu. Na wewe uliyeanza kusinzia huko nyuma, amka, mvua ya hadithi hii haichagui mtu.

Hapo kale, wanyama wa bondeni walikuwa na hofu moja, nayo si simba. Waliogopa mafundi. Fundi anakuja, anakula kwako, anapandisha kuta, kisha hayupo. Kafa? Katoroka? Kaishiwa? Hujui. Umebaki na kuta zinazotazama mbingu.

Basi Bwana Kiboko akatoka mtoni, tope linamdondoka, do! do! do! Akasema, "Jamani, mbona mnateseka na mimi nipo? Kila mavuno nileteeni kikapu cha mtama. Fundi akifa, nitamalizia nyumba. Fundi akitoroka, nitamalizia nyumba. Fundi akiishiwa, nitamalizia nyumba."

Nyinyi siku hizi mnaiita bima. Wao waliiita kinga. Digidigi akatoa kikapu. Nungunungu akatoa kikapu. Hata Kobe, aliyezaliwa na nyumba mgongoni, akatoa. Alipouliza kwa nini, akaambiwa huo ndio utaratibu.

Na ili Kiboko asije akala mtama wa watu, wakamchagua Mzee Twiga awe mkaguzi. Kwa nini Twiga? Kwa sababu ya shingo. Ghala lilikuwa refu na mlango wake uko juu kabisa. Kila baada ya mavuno Twiga anafika, anainua shingo, nyuuu! Anachungulia.

"Kinga ipo?" wanyama wanauliza.
"Ipo!"
"Iko wapi?"
"Ghalani, limejaa pomoni!"

Anashusha shingo, anapewa majani laini ya mgunga, anakwenda zake.

Sasa Bi Panya. Fundi wake alikuwa Kima. Kima alipandisha kuta vizuri tu, halafu akasema anakwenda kutafuta nyasi za kuezekea. Mpaka leo anatafuta. Bi Panya alikuwa na watoto wachanga, wekundu, macho hayajafumbuka, amewalaza ndani ya kuta zile na kuwafunika kwa jani la mgomba. Mtasema, panya si ana shimo? Masika yaliyopita maji yaliingia shimoni mwake, akatoka peke yake. Wanawe waliobaki mle, yeye hawataji.

Na masika mengine hayo yanakuja. Kila ngurumo ikipiga nyuma ya vilima, ngu-ru-ru-ru, moyo unamruka. Anatazama jani, anatazama mbingu, anatazama watoto.

Akaenda mtoni.

"Shikamoo Bwana Kiboko. Fundi wangu katoroka. Naomba kinga yangu."

"Katoroka?" Kiboko akapiga miayo. "Yupo aliyemwona akitoroka? Mlete. Njoo kesho."

Kesho yake akamleta Kanga, aliyemwona Kima akipita mbio na mfuko begani.

"Huenda alikuwa anafanya mazoezi," akasema Kiboko. "Njoo kesho."

Akaenda tena. Ngu-ru-ru-ru, huko vilimani.

"Sasa mlete Kima mwenyewe aje akiri kwamba katoroka. Njoo kesho." Akapiga mbizi, chubwi!

Bi Panya akabaki ukingoni. Kisha akajiuliza, mbona mtu mwenye ghala lililojaa anaona uchungu kutoa kidogo tu?

Mchana, wenzake wakiwa mashambani, akachimba chini ya ghala. Kwaru, kwaru, kwaru. Akatokeza ndani. Mchanga! Akapanda juu kidogo. Mchanga! Akapanda tena. Mchanga! Kule juu kabisa, pale jicho la Twiga linapofika, ndipo akakuta mtama, tabaka jembamba kama chapati.

Akataka kupiga kelele. Akajiziba mdomo. Hebu fikirieni: panya anachomoka chini ya ghala akipiga kelele kwamba mtama haupo. Ni nani ataulizwa umekwenda wapi?

Akamkimbilia Twiga. "Shikamoo mzee. Samahani, ulipokagua ghala, ulitazama na chini?"

"Marahaba. Chini?" Twiga akamtafuta kwa macho mpaka akamwona. "Mwanangu, Mungu amenipa shingo hii nitazame chini?"

Bi Panya akarudi kwake analia. Akawalamba wanawe mmoja mmoja. Kulipiga radi, jani likatikisika, na hapo akakumbuka desturi ya bondeni. Kabla ya masika, kila mwenye ghala huanika nafaka yake juani, isiingie dumuzi. Na nafaka ya watu wengi ikishamwagwa juu ya majamvi, mwenye dai huchota kwanza, ndipo inayobaki hurudi ghalani. Kiboko, mtu wa majini, hajawahi kuanika hata shati.

Akapangusa machozi, akaenda mtoni mbio.

"Bwana Kiboko, nimekuja kukuonya! Huko kisimani wanasema mtama wa kinga umeingia dumuzi. Keshokutwa wanakuja wote kuuanika. Wasipouona mwingi, wanasema watapeleka vikapu vyao kwa Nyati."

Masikio ya Kiboko yakachezacheza. "Kwa Nyati? Vikapu vyangu?"

"Mimi sijui kilichomo, bwana. Mimi panya tu. Lakini ningekuwa wewe, ningehakikisha kuna mtama juu na mtama chini. Si wataanika, watauona, watarudisha? Wakishaondoka, ghala si lako?"

"Watarudisha wote?"

"Nafaka ikishaanikwa hurudi ghalani, bwana. Kamuulize yeyote."

Kisha akaenda kisimani. "Jamani, mmesikia? Bwana Kiboko anataka tumsaidie kuanika kinga keshokutwa. Njooni na majamvi!"

Basi Kiboko akafanya kazi ambayo hajaifanya tangu azaliwe. Mchanga akautoa, akaumwaga mtoni, bwaa! Mtama wa watu, aliokuwa ameuficha kichakani apikie pombe ya harusi yake ya tatu, akaubeba mgongoni, hema! hema! hema! Akajaza ghala mpaka juu.

Siku ikafika. Majamvi yakatandikwa, mtama ukamwagwa, shaaa! Wanyama wakashangilia, Kiboko akajitia kutabasamu. Lakini Bi Panya hakushangilia. Nyuma ya vilima mbingu ilikuwa nyeusi, na upepo ulianza kunusa majamvi.

Akasogea mbele. "Kabla haujarudi ghalani, nina dai. Fundi wangu Kima katoroka."

"Na mimi!" akasema Digidigi. "Wangu alikufa."

"Na mimi!" akasema Nungunungu. "Wangu aliishiwa, akala hadi fito zangu."

Kiboko akageuka rangi. "Dai gani tena? Mvua hiyo! Mtama utalowa! Rudisheni ghalani upesi!"

Wanyama wakatazama juu, wakaanza kukunja majamvi. Bi Panya akaona jamvi linainuka na mtama unaondoka. Akapiga kelele kwa sauti ambayo hakujua kama anayo:

"Mzee Twiga! Wewe ndiye mwenye shingo! Mvua imefika wapi?"

Twiga hakuna apendacho kama kuulizwa. Akainua shingo, nyuuu! Akatazama mbali.

"Bado iko ng'ambo ya vilima," akasema. "Wenye madai wachote."

Wakachota. Bi Panya hakungoja kushukuru. Aliwabebea mtama ndege mnana, mafundi wa kusuka, wakaja kundi zima, chwi! chwi! chwi! Huyu analeta nyasi, huyu anafunga, huyu anakaza. Tone la kwanza likamwangukia Bi Panya puani. La pili likaangukia nyasi za paa. Kisha pwaaa! Bonde lote likapotea kwenye mvua.

Ndani, watoto walikuwa wakavu. Bi Panya alikaa macho akisikiliza paa, mpaka akaamini.

Na Twiga? Alipita kila nyumba akisema, "Niliwaambia limejaa!" Wakamwongezea majani ya mgunga na miaka mingine ya ukaguzi. Kiboko naye bado ndiye mtunza kinga. Ila kila baada ya mavuno, kabla Twiga hajainua shingo, kuna sauti ndogo chini ya ghala: kwaru, kwaru, kwaru. Kiboko akiisikia, usingizi unamruka.

Fundisho, watoto wangu: mkaguzi achaguliwe kwa urefu wa shingo, na asiulizwe ametazama wapi. Na mkimkuta panya chini ya ghala, mpigeni fimbo, maana huyo ni mwizi, hajui kitu.

Hapo hadithi yangu nimeiezeka. Kama inavuja, hamieni upande wa pili mlale.