Jina la Mtoto wa Redempta

Sikilizeni, na atakayesinzia asije akaniuliza mwisho wake.

Kapteni Mbawala, rubani, alikuwa na masikio yaliyosikia ugonjwa wa injini kabla haujaonekana. Fundi Kimwaga alikuwa na vidole vilivyojua chuma kama ulimi unavyojua chumvi. Mkunga Yustina alikuwa na mikono isiyochoka.

Mafuriko yalikuwa yamekata barabara Redempta alipojifungua msichana, na damu ikakataa kusimama. Mama yake, Bi Skolastika, alikimbia nyuma ya machela hadi kwenye helikopta ya kumpeleka hospitali, mjukuu kifuani. "Atakayeniokolea mwanangu, mtoto huyu atabeba jina lake! Jina hilo moja tu, naapa!" Na kwao, kiapo kikivunjwa humrudia mtoto.

Rubani akawasha. Kidhibiti mafuta, chombo kinachoipimia injini mafuta yake, kilikuwa kimetoka kufunguliwa na kusukwa upya kiwandani, na hati yake safi. Mbawala akainamisha kichwa, akazima.

"Siruki. Injini ina kigugumizi."

"Mwanangu anakufa, baba!"

"Itatuzimikia angani, mama. Tutakufa sote."

"Mwoga wewe!"

Kimwaga hakubishana. Pembeni palikuwa na helikopta nyingine, mbovu ya mkia. Akakifungua kidhibiti cha hiyo, akaja kukifunga kwenye hii. Kile kilichosukwa upya alikizungusha mhimili. Jicho halikuona kitu, vidole vikahisi unakwama.

"Haraka, baba!"

"Nati moja ikilegea, mama, nimewaua mimi."

Yustina hakubanduka kwenye machela. Ngumi ndani, kiganja juu ya tumbo, aliubana mfuko wa uzazi. Angelegeza kidogo, damu ingerudi. Hakulegeza. "Mama, nifute jasho," alisema tu, na Bi Skolastika akamfuta kwa kanga, macho hayatoki kifuani pa mwanawe: kinapanda? kinashuka?

Injini ikawashwa tena. Mbawala akasikiliza hata bibi akatamani kumzaba kofi. Kisha wakaruka. Redempta alifika hospitali, akaongezwa damu, akafumbua macho.

Siku ya kutoa jina, wote watatu waliitwa.

"Binti aitwe Kimwaga?" Yustina akacheka. "Atamwaga kila mboga!"

"Afadhali. Akiitwa Mbawala atakimbilia porini kila akiona mchumba," fundi akajibu.

"Mpe Yustina," rubani akasema. "Mimi nilikataa tu."

"Na usingekataa," Bi Skolastika akamwambia polepole, "ningekuwa nimezikwa nikikuita shujaa."

Bila kukataa, wangeanguka. Bila vidole, wasingeruka. Bila ile ngumi, wangefikisha maiti. Redempta anamtazama mama yake, anaogopa kosa litakalomrudia mtoto. Bibi amefumbua kinywa, jina halijatoka.

Haya, ninyi mliosikia: mngemwita nani?