Vyura wa Aimeri Mkuu

Palikuwa na kabaila mmoja katika nchi ya Wafaransa, enzi za ngome na deraya, jina lake Aimeri wa Vaubrun. Babu yake aliitwa Simba. Baba yake, Nyundo. Yeye aliitwa Aimeri tu, na jambo hilo lilimkosesha usingizi. Vitani alikwenda mara moja tu. Farasi wake akatangulia kurudi, naye akafika baadaye kwa miguu, analaumu viatu.

Akawaza: watawa waandikao tarikhi wataniandikaje? Akapiga mbiu mbili. Ya kwanza: tangu leo yeye ni Aimeri Mkuu, ambaye jina lake likitajwa, kila kiumbe hunyamaza kwa hofu. Atakayesema vinginevyo atoe ng'ombe, apewe yule aliyemsikia akisema. Ya pili: kwa kuwa Mkuu hulala kwa taabu, wanakijiji wakeshe kwa zamu wakipiga maji ya bwawa kwa fimbo, vyura wasimwamshe; atakayezembea, naye atoe ng'ombe.

Zamu ikamfikia Perrine, mjane mfua nguo, ulimi wake wembe. Vyura wakaimba usiku kucha. Asubuhi akaitwa ukumbini. Mshitaki, Aimeri. Hakimu, Aimeri. Na ng'ombe wa Perrine, huyo mmoja anayelisha nyumba nzima kwa maziwa yake, keshafungwa kando ya zizi la Aimeri, ili haki isichelewe.

"Wewe mwanamke! Jana fimbo yako ilikuwa wapi?"

"Nyumbani, bwana mkubwa. Imeegemea mlango, inazuia kuku."

Ukumbi mzima ukashikwa na kikohozi.

"Kwa hiyo unakiri hukwenda!"

"Nilikwenda. Nikasimama ukingoni, nikawaambia vyura: 'Aimeri Mkuu!' Kisha nikarudi kulala."

"Bila kupiga maji?"

"Niyapige ya nini? Mbiu yasema kila kiumbe hunyamaza. Au chura si kiumbe, bwana mkubwa?"

Aimeri akamgeukia karani wake, mtawa mzee mwenye kalamu. Mtawa akaona kuna jambo la maana sana kwenye dari.

"Chura ni kiumbe," Aimeri akasema kwa shida.

"Na wewe ungali Mkuu?"

"Mkuu! Tena mno!"

"Sasa ningekwenda na fimbo, si ningekuwa nimesema jina lako halitoshi? Mimi mjane, bwana mkubwa, na ng'ombe ninaye mmoja. Sheria siichezei."

Watu wakainamisha vichwa kwa heshima. Mabega tu ndiyo yaliyokuwa yakitikisika. Hapo mtu mwenye akili angesema kesi imekwisha, akaenda zake kunywa divai. Lakini Aimeri alikuwa hajalala.

"Mwongo wewe! Hawakunyamaza!"

"Nani kasema, bwana mkubwa?"

"Nasema mimi! Nimewasikia kwa masikio yangu! Umewatajia jina langu, nao wakapiga kelele hadi alfajiri, kana kwamba limetajwa jina la kuku!"

Karani akachovya kalamu.

"Niandike hivyo, bwana?" mtawa akauliza kwa upole.

Perrine akapiga goti, adabu zote.

"Nimekusikia vizuri, bwana mkubwa. Basi ng'ombe wangu namfungua mwenyewe. Huyo wako wa kunipa ni yupi, yule mwenye ndama?"