Ukijani wa Chetezo cha Ruomei

Zamani hizo, kabla shaba haijafunzwa kuzeeka, kila chombo kilichotoka kalibuni nchini China kiling'aa manjano hata ukaweza kujitazama meno. Bi Qiulan, mjane aliyesubu vyombo vya shaba kando ya mto, alijivunia mng'aro huo kuliko kitu chochote, isipokuwa bintiye Ruomei.

Mwaka mmoja mto ulifurika, ukabomoa ukingo na kufukua chetezo cha miguu mitatu kilichozikwa na watu wa kale. Kilikuwa kijani kwa kukaa sana udongoni. Wanakijiji walikipokea kama salamu za mababu, na Ruomei akakua akikifukizia ubani kila asubuhi.

Ruomei alipoposwa mbali, huko milimani, jambo moja lilimnyima raha: mababu wangemjuaje ugenini? Mama akamwambia asihofu, angemsubia chetezo pacha. Akakisubu kweli, umbo lile lile, miguu ile ile, michoro ile ile ya mawingu ubavuni. Kisha akakisugua mpaka mkono ukafa ganzi.

Ruomei alipokiona alilia. "Ni kizuri, Mama, lakini si cha kwetu. Mababu watakipita wakidhani ni cha jirani."

Maneno hayo yalimchoma Bi Qiulan. Akachota mchanga, akaenda kukisugua kile cha kale, ili vyote viwili ving'ae yaishe. Ruomei akamdaka mkono.

"Usimvue mzee nguo, Mama!"

Wakatazamana, wakaangua kicheko. Basi mama akakipaka chetezo kipya chumvi na siki ili nacho kivae ukijani, akakizika kwenye bustani ya mboga nyuma ya jiko, pale pale Ruomei alipojifunzia kutambaa. Harusi ilipokaribia wakakifukua, nacho kilikuwa kijani. Mama alitaka kukiosha, binti akakataa katakata. Akaondoka nacho, udongo wa bustani ungali umejificha ndani ya michoro. Siku ya kwanza ugenini alifukiza ubani, joto likaamsha harufu ya udongo wa kwao, na roho yake ikatulia.

Na tangu siku hiyo, wasubu shaba wa China wanapoiga vyombo vya kale huvivisha ukijani kabla havijatoka nyumbani. Wapo wanaosema huo ni ulaghai. Waache waseme. Mama yule hakumdanganya mtu. Alimfungashia bintiye kwao, aende nako.