Nguzo Fupi ya Nakijwa

Mama mmoja alikuwa na wana wawili, Sangiwa na Kirenga, nao walitengeneza programu ya simu kwa ajili ya kikundi cha wafugaji wa kijiji chao. Ndani yake kila mfugaji alichorewa nguzo. Aliyeleta maziwa mengi, nguzo yake ilikwenda juu. Aliyeleta kidogo, yake ilibaki chini. Ukiigusa, lilitokea jina la mwenyewe na maziwa aliyoleta.

Sangiwa, mkubwa, alizipaka nguzo rangi nzuri. Kirenga alishughulikia mguso. Aliona kwamba vidole vya wakamuaji ni vinene, na nguzo nyingine ni fupi kama kucha. Basi akaipa kila nguzo nafasi yote tupu iliyo juu yake, ili mtu akigusa pale patupu, nguzo fupi ya chini iitike. Hakumwambia mtu.

Wafugaji walimsifu Kirenga, wakasema simu yake ina masikio. Sangiwa wakamtania kuwa yeye ni fundi rangi. Jioni mama yao alimwongezea Kirenga maharage, na Sangiwa akaisukuma sahani yake kando. Kesho yake aliifungua kazi ya mdogo wake, akaziondoa zile nafasi tupu. Alisema anasafisha tu. Nguzo iguswe penye rangi.

Wenye nguzo ndefu hawakuona tofauti. Waligusa, wakaitikiwa.

Nakijwa, mjane mwenye mbuzi mmoja wa maziwa, aligusa patupu juu ya nguzo yake fupi, kama alivyozoea. Kimya. Akagusa tena, likatokea jina la jirani. Akagusa mara ya tatu, kimya. Kwao, mtu akipiga hodi mara tatu asiitikiwe, hurudi alikotoka wala haulizi sababu. Akaiweka simu chini. Hakupeleka maziwa tena, na mbuzi alipougua hakumwita daktari wa mifugo wa kikundi, maana aliamini ameshatolewa kikundini.

Sangiwa alipita kwake, akamkuta amekaa karibu na banda tupu. Akamuuliza mbona haonekani.

Nakijwa akamjibu kwa upole, “Mwanangu, nilipiga hodi kwenu. Hamkuniitikia.”

Sangiwa alizirudisha zile nafasi siku ileile. Mbuzi alikuwa ameshafukiwa.

Nanyi mnaoumia ndugu yenu anaposifiwa: kabla hamjauondoa wema wake, mmeuliza ni nani aliyeuegemea?