Kobe wa Jiwe na Mtoto wa Karai

— Paukwa!

— Pakawa!

— Sahani!

— Ya mchele!

— Leo siyo ya mchele. Leo ni ile sahani ya buluu iliyopachikwa ukutani, ile mnayokatazwa kuigusa. Nani ameona kilichochorwa pale?

— Kobe, Bibi!

— Na mgongoni amebeba nini?

— Sufuria!

— Haya, tutaona kama ni sufuria. Sogeeni. Na wewe Mwanaidi acha kuchokoa makaa, mahindi hayaivi kwa kusumbuliwa.

Hapo zamani za kale, katika nchi ya Uchina, mbali kupita mbali, kulikuwa na kijiji cha watu wa ukoo mmoja. Wote waliitwa Liu. Mkulima Liu, mwashi Liu, mchunga bata Liu. Ukiita "Liu!" sokoni, soko zima linageuka.

— Hata mbuzi?

— Mbuzi ndiye wa kwanza.

Watu wale walikuwa na fahari, wanangu, na fahari yao ilikuwa ya haki. Jina lile lilikuwa na wakubwa watatu. Wa kwanza Liu wa Daraja, aliyejenga daraja la mawe juu ya mto ambao hata samaki waliuogopa. Wa pili Bibi Liu wa Dawa, aliyeingia katika nyumba za tauni wakati wenzake wanatoka mbio. Wa tatu Liu wa Vita, aliyesimama peke yake langoni, na jeshi zima likarudi lilikotoka.

Walizikwa mlimani. Kila kaburi lililindwa na mnyama wa jiwe. La chini, la Liu wa Daraja, lililindwa na kobe, naye alibeba mgongoni jiwe refu la sifa. La katikati, la Bibi wa Dawa, lililindwa na ndege korongo. La kileleni, la Liu wa Vita, lililindwa na farasi. Kila mwaka, miti ikianza kuchipua, ukoo wote ulipanda kuyafagia. Waliimba hivi, nanyi mniitikie:

*Fagia, fagia, mwana wa Liu,*
*Wakubwa wako chini, sisi tuko juu!*

Basi mwaka mmoja mto ukafurika, ukala mashamba yote. Likabaki ghala la ukoo tu, na ufunguo alikuwa nao Mzee Gongmao, mkuu wa ukoo, kitukuu cha Liu wa Daraja. Kila Liu akawa anapewa kibaba kimoja cha mchele kwa siku.

Kulikuwa na msichana yatima, jina lake Shulan. Siku ya mafuriko aliona karai likielea. Ndani ya karai mlikuwa na mtoto mchanga, amelia mpaka sauti imekauka. Shulan akaingia majini hadi kifuani, akamtoa. Tangu siku hiyo akawa anampikia mtoto uji kwa kibaba chake, na yeye anakunywa maji ya mchele.

Mzee Gongmao akapata habari. Akamwita mbele ya watu.

"Shulan, huyo mtoto ni wa nani?"

"Wa mto, babu."

"Basi si Liu. Na ghala hili ni la Liu. Wewe ukidhoofika kwa ajili yake, nani atakulisha? Sisi. Kesho tunapanda kufagia makaburi. Tukishuka, arudishwe karaini, na karai lirudi mtoni."

Watu wakatazama chini. Mwenye njaa hana miiko.

Shulan akapiga magoti. "Babu, nakuomba. Waulizwe kwanza wakubwa wetu. Jina ni lao."

Mzee akacheka. "Kawaulize! Wakikujibu, mtoto huyo nitambeba mgongoni mimi mwenyewe."

— Bibi, wanataka kumwua!

— Tulia, mwanangu. Shulan naye hakulala kwa hilo.

Alfajiri akamfunga mtoto mgongoni, akachukua ufagio, akapanda mlima peke yake. Akafika kwa kobe. Akafagia, akaimba. Imbeni!

*Fagia, fagia, mwana wa Liu,*
*Wakubwa wako chini, sisi tuko juu!*

Jiwe likafumbua jicho. Shulan akarudi nyuma hatua moja.

"Unataka nini, binti?" Sauti ya kobe ilikwaruza kama jiwe la kusagia.

"Shikamoo, Babu Kobe. Nauliza, mtoto huyu wa mto anaweza kuwa Liu?"

Kobe akageuza shingo, akalitazama jiwe mgongoni. Mwisho akasema, "Nikilijibu hilo, jiwe la sifa litaanguka, nami nimelibeba siku nyingi. Panda juu. Waulize wasiobeba kitu."

Shulan akapanda. Akafika kwa korongo. Akafagia, akaimba. Akauliza swali lile lile, na korongo wa jiwe akakunjua shingo.

"Bibi wa Dawa?" akasema. "Aliokotwa kando ya njia, binti mdogo, ana homa, hata lugha ya hapa haijui. Mjane mmoja wa Liu akamgawia uji wake. Alipopona akaulizwa, unaitwa nani? Akajibu, niiteni jina la aliyeninywesha uji."

Shulan akapanda tena. Akafika kwa farasi. Akafagia, akaimba, na sauti ilikuwa imekwisha. Farasi wa jiwe akapiga kwato, mlima ukatikisika.

"Mimi nilikuwepo langoni," akasema farasi. "Mnadhani jeshi liliogopa upanga? Liu wa Vita alikuwa mtoto wa adui, alitekwa akiwa mchanga. Mama mmoja wa Liu akamnyonyesha pamoja na mwanawe. Aliyeliongoza jeshi lile alikuwa baba yake mzazi. Liu wa Vita akamwambia, 'Baba, hawa ndio walionilea. Anza na mimi.' Mzee yule akalia juu ya farasi wake, akageuza jeshi."

— Lo!

— Lo, ndiyo. Shulan naye alilia. Miaka yote alikuwa akiwaogopa wakubwa wale. Siku ile aliwapenda.

Mara akasikia wimbo huko chini. Watu wamekuja na fagio zao! Shulan akashuka mbio, mtoto mgongoni. Nyuma yake farasi wa jiwe, kishindo kwa kishindo. Juu yake korongo wa jiwe, kivuli chake kimefunika mlima. Watu wakaanguka kifudifudi.

Korongo akasema aliyoyasema, farasi akasema aliyoyasema. Mzee Gongmao akashupaa.

"Hao ni wa wengine! Babu yangu Liu wa Daraja alikuwa damu ya Liu tupu, jiwe la sifa limeandikwa hivyo!"

Hapo kobe akainua kichwa. Jiwe la sifa likalia kwaa! Likapasuka, likaanguka.

"Gongmao," akasema kobe, "mto uliompa Shulan mtoto ndio uliotupa sisi babu yako. Wakati huo nilikuwa kobe wa mtoni, hai. Nilimkuta anaelea karaini, nikamleta ukingoni mgongoni mwangu. Waliompokea walikuwa na njaa kuliko ninyi. Kwa nini unadhani alijenga daraja? Alitaka mto usimeze mtoto mwingine. Je, wangemrudisha majini, wewe leo ungekuwa nani?"

Mzee Gongmao akaweka ufagio chini. Akainama mbele ya Shulan, mzima mzima na mvi zake, akasema, "Nifungie mtoto, mjukuu wangu. Niliahidi." Shulan akamfunga mtoto mgongoni mwa mzee. Wakateremka mlima hivyo hivyo hadi ghalani. Siku ile kila kibaba kilipungua kiganja kimoja, na mtoto akala kwa jina lake, Liu.

Jiwe la sifa halikuinuliwa tena. Sasa itazameni vizuri ile sahani. Ni sufuria ile?

— Ni karai, Bibi!

— Na ndani yake?

— Kuna mtoto!

Naam. Jina kubwa halikui kwa kufungiwa ghalani, hukua kwa kugawiwa. Anayebisha hodi msimfukuze, huenda ndiye atakayewajengea daraja.

Hadithi yangu naifungia hapo, na ufunguo nimewaachia ninyi.