Udongo wa Vidole Vitatu

Wapendwa, niwaombe radhi mapema, maana mfano huu nitauharibu. Nimeufanyia mazoezi nyumbani mara mbili. Mara ya kwanza mama mchungaji alisinzia katikati. Mara ya pili alisikiliza mpaka mwisho, akanitazama kwa huruma, akaniuliza kama nimemeza dawa yangu ya presha. Wengine wamejaliwa kusimulia. Mimi nimejaliwa sauti kubwa tu. Mkiona nimepotea njia, wazee wa kanisa wakohoe, nitaelewa.

Kulikuwa na mama mmoja, mpimaji wa ultrasound katika hospitali ya milimani, kule ambako ukungu huingia wodini bila kubisha hodi. Kina mama mnakijua chumba chake. Kina baba niwaeleze, maana ninyi huishia kwenye benchi la nje mkijifanya mnasoma simu. Nje ni saa nne asubuhi, jua linawaka, kuku wanaparura. Ndani mapazia meusi yameshushwa, na mwanga pekee ni ule wa kioo cha mashine, wa kijivu, unaomfanya kila mtu afanane na marehemu. Mjamzito analala kitandani, anapakwa jeli ya baridi tumboni, na mpimaji anashika kidude chenye waya, wao hukiita probu, anakibonyeza na kukizungusha polepole juu ya tumbo. Kisha gizani humo unasikika moyo wa mtoto: dugu-dugu-dugu, mbio, kama mtu anayekimbia kwenye nyumba tupu.

Mama yule alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka kumi na saba. Kitanda kilikuwa cha juu mno kwake, kwa hiyo bega lake la kulia lilikaa juu kutwa nzima, kama la mtu aliyebana simu sikioni. Tumbo la mgonjwa lilikuwa kulia, kioo kushoto, na shingo ikabaki katikati haijui imfuate nani. Waya ulikuwa mzito, ukivuta kifundo cha mkono kuelekea sakafuni. Na wagonjwa? Thelathini kwa siku, mpimaji ni yeye peke yake.

Mkono ukaanza vituko. Asubuhi aliukuta umejifumba, umeshika kitu kisichokuwepo, akalazimika kuufumbua kwa mkono wa kushoto, kidole kimoja kimoja, kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu. Jumamosi moja alikuwa uani anachambua maharage, anaongea na jirani ng'ambo ya ua, mumewe akamgusa na kumwonyesha. Mkono wa kulia ulikuwa juu ya ungo. Unabonyeza, unazunguka kidogo, unatulia, unabonyeza tena. Mwenyewe alikuwa anatazama kwingine kabisa.

"Unatafuta nini?" mumewe alimwuliza kwa sauti ya chini.

Aliutazama ule mkono. "Mawe," alisema.

Hospitalini hakumwambia mtu. Alijua kitakachofuata: mashine ingefunikwa kitambaa, na wajawazito wangeteremshwa bondeni, saa tatu za barabara ya mashimo, kutafuta mpimaji mwingine. Na tuseme ukweli, alijiuliza pia, bila mkono ule yeye angekuwa nani pale?

Siku moja akaja binti mmoja fundi, msanifu wa vifaa vya hospitali, mwenye miwani na ndoo ya udongo wa kufinyangia. Alikuwa ametumwa na kiwanda kinachotaka kutengeneza mashine isiyowaumiza wapimaji. Alikuwa na karatasi ya maswali. Akampa shikamoo, akapewa marahaba, akauliza hali ya bega. Mama akamshukuru Mungu. Shingo je? Haijambo kabisa. Na vidole, havifi ganzi? Mungu ni mwema. Binti akaandika: salama, salama, salama.

Sasa ninyi mngejibu nini? Hebu msinitazame hivyo.

Lakini yule binti hakuwa mjinga. Aliufunga mpini wa probu kwa nailoni, akaupaka udongo laini juu yake, akamwomba mama afanye kazi yake kama kawaida. Kila baada ya wagonjwa watano aliuvua udongo ule na kupaka mwingine, na kila kipande alikiweka kwenye meza iliyo ukutani. Mama alipima, hakugeuka. Mpaka saa kumi alasiri vilikuwa vipande sita kwenye mstari, vimekunjamana, kila kimoja na alama za mshiko wake, kama mikono ya watu sita wanaosubiri kuitwa majina.

Binti akaanza kuvitazama kwa mwanga wa kioo. Cha kwanza kilikuwa na vidole vitano, vimegusa tu. Cha tatu vimezama. Cha tano vimezama mpaka nailoni inaonekana. Alipofika cha sita akakigeuza, akakigeuza tena, akaenda akafungua mlango, akachungulia kwenye korido, akaufunga.

"Mama, mchana huu nani mwingine alikushikia kazi?"

"Hakuna. Ni mimi tu."

"Aliyeshika hiki ana vidole vitatu."

Mama akainua mkono wake mbele ya kioo. Akahesabu. Vitano. Binti akampa donge jipya, akamwambia alibane kwa nguvu zake zote. Akalibana mpaka mdomo ukatetemeka. Walipolitazama, kulikuwa na gumba, kulikuwa na cha shahada, kulikuwa na cha kati. Kuanzia hapo udongo ulikuwa laini, kama hapajapita mtu. Vile viwili vya mwisho vilikuwa vimelala juu yake bila kuacha alama, na mama hakuwa amejua ni tangu lini anatembea navyo hivyo.

Binti akamweleza waziwazi. Kule kiwandani wana karatasi nyingi za wapimaji wa kila mkoa, na zote zinasema salama. Wakiwa wote salama, mpini hautaguswa, na kitanda hakitashushwa. Aruhusiwe kupeleka ule udongo, aseme ni mkono wa nani, waone.

Alikitazama kitanda, akaitazama mashine, akaona kile kitambaa kikishuka juu yake. Kisha akakichukua kipande cha sita kwa mikono yote miwili, akakiviringa taratibu, akakiviringa, mpaka vidole vikafutika na likabaki donge duara kama tonge la ugali. Akalirudisha kwenye ndoo.

"Andika salama, mwanangu," alisema.

Ikaja mashine mpya baada ya miezi tisa, kama ilivyo desturi ya chumba kile. Ilikuwa nzuri, ya rangi ya bahari. Mpini ulikuwa uleule. Waya ulikuwa uleule.

Asubuhi ya kwanza akaingia mjamzito ambaye alikuwa ameshazika watoto wawili kabla hawajavuta pumzi. Akalala, akapakwa jeli, akafumba macho. Moyo ukasikika: dugu-dugu-dugu. Yule mwanamke akaanza kucheka kimyakimya, machozi yakiteremka masikioni.

Halafu moyo ukanyamaza.

Kioo kikawa cheusi. Chumba kizima kikawa cheusi. Mjamzito akangoja, akangoja. Aliusikia ukungu ukidondoka kutoka kwenye bati.

"Mama, mbona kimya?"

Mpimaji alikuwa amepiga magoti sakafuni. Probu ilikuwa imemtoka mkononi, naye hakuwa ameisikia ikitoka, na mashine ile mpya hujizima kioo probu ikiachana na ngozi. Aliigusa, akaifumbata, akainua mkono. Mtupu. Akapapasa tena, akafumbata, akainua. Mtupu. Juu yake kitanda kilianza kutetemeka, na sauti ikashuka gizani, ndogo kabisa:

"Niambie tu, mama. Amekufa na huyu?"

Hapo, ndugu zangu, salama isingesaidia. Angesema nini? Asiposema, yule mwanamke angemzika mtoto aliye hai.

"Mtoto wako mzima," mpimaji alisema. "Kilichokufa ni mkono wangu."

Ilikuwa mara ya kwanza kulisema, na alimwambia mtu asiyemjua hata jina.

Mjamzito ndiye aliyeteremka, na tumbo lake, akaiokota probu na kuishikilia mwenyewe juu ya ngozi yake, mama akimwelekeza kwa maneno tu, mpaka mashine ikaamka na moyo ukarudi.

Yule binti fundi aliitwa, akapanda mlima siku hiyohiyo. Akauliza kwa uchungu kwa nini alimficha. Mama akamjibu, "Uliniuliza kwa heshima, mwanangu. Na mimi nikakujibu kwa heshima."

Mpini ukatengenezwa, mnene, mwepesi. Waya ukapata pa kujishikiza, kwenye mkono juu ya kiwiko. Kitanda kikajifunza kushuka. Wanaovitumia sasa ni wapimaji wengine. Vile vidole viwili havikurudi.

Msimcheke mama huyu. Sisi ndio wale ambao mtu anatoka kuchimba kaburi, udongo bado uko kwenye viatu, ukimwuliza habari za asubuhi anasema, "Nzuri, ila tumefiwa." Nzuri, ila! Na tabia hii tumeihamishia kwenye sala. Tunapiga magoti, tunaombea mvua, tunaombea viongozi, tunawaombea walio safarini, tunasimama na kupangusa magoti. Pale panapouma hatukupagusa. Mungu wetu ni fundi, wapendwa, ana udongo na ana subira. Lakini tunaviringa donge letu, tunamrudishia limelainika, halafu tunashangaa mbona mzigo unaendelea kuvuta palepale.

Nilipomaliza kuuandika mfano huu Alhamisi nilishikwa na hasira. Nikajiuliza ni nani hasa aliyemfundisha mama wa watu kwamba swali la hali yako lina jibu moja tu. Nikamtafuta, nikampata. Msigeuke nyuma, hayuko huko. Yuko huku mbele, na kipaza sauti anacho. Kila Jumapili huwauliza watu mia nne kwa mkupuo, "Hamjambo?" Na mkijibu kwa sauti ndogo, ile sauti halisi ya watu wanaoumwa, hutega sikio na kuwaambia: "Sijasikia. Rudieni kwa furaha."