Keria ya Elinihaki na Kamba ya Bibi Nakundwa

"Mzigo ukifika, shukuru kamba."

Maneno hayo mmeyasikia leo kwa Mama Tumsifu, mlipomaliza kumshushia magunia yake ya maharage naye akawapa ndizi, nanyi mmenijia mbio kuniuliza yametoka wapi. Hayakutoka mbali. Yalizaliwa hapa hapa Mvungwe, chini ya milima ya Upare, na gari lililoyaleta nimelipanda mwenyewe. Sogeeni basi, niwasimulie yalivyoanza.

Palikuwa na kijana aliyeitwa Elinihaki, mwenye pikapu kuukuu aliyoachiwa na mjomba wake. Alibeba vitunguu, mchanga, matofali, na siku za harusi alibeba wapishi na masufuria yao. Jioni moja alijiwa na Mwalimu Ndekirwa, ambaye wakati huo alikuwa amestaafu mwaka wa tatu.

"Elinihaki," mwalimu alisema, "miaka thelathini nimewaonyesha watoto mlima huu kwenye ramani, kwa ncha ya fimbo. Sijalala juu yake hata usiku mmoja. Tumekubaliana walimu wanne, wastaafu wote. Tunataka kupanda na mahema, tukae siku tatu. Utatupeleka?"

Elinihaki aliitikia kabla mwalimu hajamaliza. Hakuna neno ambalo angeweza kumkatalia mwalimu huyu. Baba yake alipofariki, Elinihaki alikuwa darasa la sita, akatolewa shule kwenda kuchunga mbuzi wa babu yake. Mwalimu Ndekirwa hakugombana na mtu. Kila Jumamosi alipanda hadi malishoni, akakaa juu ya jiwe na mtoto yule, akamfundisha hesabu kwa kuandika na mkaa kwenye jiwe lenyewe, mvua ikija kulifuta wanaanza somo jipya. Alifanya hivyo mwaka mzima mpaka babu akaona haya, akamrudisha kijana shuleni.

Basi kazi ikawa moja tu: gari. Ndani ya kebini, pembeni ya dereva, wangeketi walimu wawili. Wawili waliobaki wangekaa nyuma. Lakini huko nyuma kulitakiwa pia kukae mahema, magodoro, mablanketi, madumu ya maji, jiko, masufuria na chakula cha siku tatu. Elinihaki alipanga na kupangua, na kila alivyopanga, mwalimu mmoja alibaki hana pa kuweka miguu.

Alikwenda kwa fundi wa kuchomelea vyuma. Fundi alilizunguka gari, akasema, "Unahitaji keria. Nguzo nne zisimame kwenye kona za bodi, juu yake kichanja. Vitu vyepesi vilale juu, watu wakae chini." Kisha akataja bei, na Elinihaki akamshukuru, akawasha gari akaondoka.

Msidhani alikata tamaa. Maneno ya fundi alikuwa ameyachukua bure. Alirudi nyumbani akapima bodi kwa uzi, urefu na upana, akapiga fundo kila alipofika ukingo. Kwenye kingo za bodi kulikuwa na matundu manne ya mraba, yaliyotobolewa huko huko kiwandani kwa ajili ya kusimamishia nguzo, na miaka yote yalikuwa yamejaa mchanga tu. Akayakomba. Akakata miti minne ya mkaratusi, akaichonga miguu mpaka ikaingia katika matundu yale na kubana, haitikisiki. Akaikata kimo kimoja na paa la kebini, ili upepo usiupige mzigo sana. Kwa kichanja akachagua miti miwili mirefu iliyonyooka, na vipande kumi vya mbao kutoka kitanda kibovu cha mama yake vya kulaza katikati.

Kilichobaki ni kuunganisha. Alitaka bolti, lakini drili hakuwa nayo na bolti zenyewe hakuwa nazo. Misumari aliijaribu, ikaupasua mti wa kwanza. Ndipo mama yake akamwambia, "Nenda kwa Bibi Nakundwa."

Bibi Nakundwa alikuwa msokota kamba. Alikaa karibu na shamba la katani, na kamba zake ndizo zilizofunga mbuzi, ndoo za visima na mizigo ya punda katika kijiji chote. Elinihaki alimkuta amekaa kwenye mkeka, nyuzi nyeupe zimetandazwa mbele yake.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, baba. Umefunga nini kikafunguka?"

Elinihaki akamweleza. Bibi akasikiliza, kisha akaingia ndani akatoka na kamba ya nyuzi tatu, nene kama kidole gumba, imesokotwa ikabana hata ukucha haupenyi. Akafuatana naye mpaka kwenye gari, akamwonyesha kuzungusha kamba mara tatu huku na mara tatu kule, na kukaza katikati. Mahali kichanja kilipokutana na nguzo, alifunga fundo la namna nyingine, akachomeka kijiti ndani yake.

"Hii ni katani," alisema. "Mvua ikiipiga, inajikaza yenyewe. Fundo la kawaida utalikata kwa panga. Hili utavuta kijiti tu, litaachia."

Elinihaki alilitazama gari lake. Lilionekana limevaa uchaga wa mahindi. Akasema, kwa aibu ya watu watakaoliona, "Ahsante, Bibi. Itafaa kwa sasa. Nikipata bolti nitaitoa."

Bibi Nakundwa aliinama. Aliokota vipande vya nyuzi vilivyobaki, akarudi kwake.

Na kweli watu walicheka. Alfajiri ya safari, mtu mmoja kituoni alipaza sauti, "Elinihaki, hao kuku unawapeleka soko gani?" Lakini walimu hawakucheka. Walipanda, magodoro na mahema yakalala juu, turubai likafunika, na Mwalimu Niwaeli, mwanamke peke yake kati yao, akaketi nyuma amenyoosha miguu kama malkia. Gari likapanda mlima kona kwa kona. Keria ililia kidogo kwenye mashimo, lakini haikulegea.

Siku mbili zilikuwa za furaha tupu. Walipiga mahema kwenye uwazi kando ya msitu, wakapika, wakabishana juu ya majina ya ndege, wakawakumbuka wanafunzi mmoja mmoja, watundu kwa majina kamili. Mwalimu Ndekirwa alisimama ukingoni akaitafuta Mvungwe kule bondeni, akaiona ndogo kama punje. "Kumbe ramani haikusema uongo," alisema, akacheka mpaka akafuta macho.

Usiku wa pili mvua ilinyesha bila kupumzika. Asubuhi Mwalimu Ndekirwa alikwenda kijitoni kunawa uso, akakanyaga mzizi wenye kuvu, akaanguka. Waliposikia sauti yake na kumfikia, mguu wake wa kulia ulikuwa umepinda mahali pasipopinda mguu.

Elinihaki alikimbilia gari. Hakufika mbali. Kona ya kwanza tu, mlima ulikuwa umeshuka barabarani: udongo, mawe na miti mitatu, vyote vimelala njiani. Akalirudisha gari kinyumenyume hadi kambini, uso umembadilika. Simu hazikushika. Zahanati ilikuwa kijiji cha chini, mwendo wa saa mbili kwa mtu mzima asiye na mzigo.

Walijaribu kumnyanyua mgonjwa kwa blanketi. Blanketi likabonyea katikati, mguu ukajikunja, naye akapiga ukelele ulionyamazisha ndege. Wakamlaza tena.

"Niacheni hapa," Mwalimu Ndekirwa alisema, jasho likimtoka kwenye baridi ile. "Nendeni mkalete watu. Ninyi ni wazee, na kijana huyu ni mmoja."

"Mpaka twende, turudi na watu, tukushushe, ni jioni, Mwalimu," Elinihaki alisema.

"Basi iwe jioni."

"Mguu wako hauna jioni," alisema Mwalimu Niwaeli, ambaye marehemu mumewe alikuwa mganga wa zahanati. "Umeanza kuwa wa baridi. Anahitaji kulala juu ya kitu kigumu, kilichonyooka, na ashuke sasa hivi."

Kitu kigumu, kilichonyooka. Elinihaki aligeuka akalitazama gari. Akapanda bodi, akashika kijiti cha kwanza, akavuta. Kamba ilikuwa imelowa na kujikaza kama chuma, lakini kijiti kilitoka, na fundo likaachia. Cha pili. Cha tatu. Cha nne kilipotoka, kichanja kizima kikaja mikononi mwake: miti miwili mirefu ya kushika, na mbao kumi za kulalia, kila moja imefungwa mahali pake. Akakishusha chini.

"Walimu," alisema, "leteni godoro."

Walimfunga mguu kwa ubao na vipande vya shuka, wakamlaza juu ya kichanja, wakamkaza kifuani na kiunoni kwa kamba zilizobaki. Elinihaki akashika mbele peke yake, ncha zote mbili. Walimu wawili wanaume wakashika nyuma. Mwalimu Niwaeli akatangulia kuwachagulia njia, akihesabu kwa sauti ile aliyokuwa akiwapeleka nayo watoto mchakamchaka: "Kushoto! Kulia! Taratibu! Kushoto!"

Kuvuka maporomoko yale ndiko kulikuwa mtihani. Elinihaki alizama hadi magotini. Kichanja kikainama upande, uzito wote wa mtu ukaegemea mti mmoja, na ubao chini ya mgongo wa mgonjwa ukapasuka kwa kishindo. Wote walisimama. Walingoja kamba ikatike. Haikukatika. Ilitoa mlio mwembamba, ikatulia.

"Ulipanda malishoni mwaka mzima kwa ajili yangu, Mwalimu," Elinihaki alisema akihema. "Niache nami nishuke mara moja."

Mwalimu Ndekirwa aliitikia kwa kichwa. Alikuwa ameshika kamba kwa vidole, ubavuni, na hakuiachia tena.

Ng'ambo ya maporomoko waliwakuta wakulima wa tangawizi. Wanaume wanne waliingiza mabega chini ya miti, na kabla jua halijafika utosini mgonjwa alikuwa zahanati, na jioni hospitali ya wilaya. Daktari alisema mfupa ulikuwa umeukaribia mshipa mkubwa wa damu. Mguu ungetikiswa zaidi kidogo, mzee asingeufikisha mguu ule, na huenda asingefika mwenyewe.

Mvungwe ilimpokea Elinihaki kwa vigelegele. Walioita keria yake banda la kuku walikuja kumpa mkono. Mke wa mwalimu alimshika mabega akamwombea baraka mpaka sauti ikamkatika. Naye Elinihaki alipokea yote, lakini kila shukrani iliyomfikia ilimwongezea uzito. Alikumbuka neno alilolisema mwenyewe pale kando ya gari. Nikipata bolti nitaitoa. Keria ya bolti isingefunguka mlimani. Ya kuchomelea, ndiyo kabisa. Isitoshe, mwalimu, kabla ya kuingizwa chumba cha upasuaji, alikuwa amemwuliza swali moja: "Nani alisokota kamba ile?"

Kwa hiyo hakwenda nyumbani kwanza. Alikwenda kwa Bibi Nakundwa, suruali bado ina tope la mlima, akamkuta juu ya mkeka wake. Akapiga magoti.

"Nimesikia," Bibi alisema. "Mzigo umefika?"

"Umefika, Bibi. Watu wamenishukuru tangu nifike. Nimepokea shukrani isiyo yangu, nikaona niilete kwa mwenyewe. Nimekuja kushukuru kamba."

Bibi Nakundwa aliacha kusokota. Nyuzi zikabaki mkononi.

"Mwanangu," alisema, "nimesokota kamba miaka arobaini. Ikikatika, mtu hurudi. Huja na mbuzi aliyepotea, na ndoo iliyozama kisimani, ananilaumu, nami namsokotea nyingine. Leo ndiyo mara ya kwanza mtu kurudi kwa sababu haikukatika."

Akafunika uso kwa ncha ya khanga yake, akalia, na Elinihaki akakaa naye mpaka alipomaliza.

Mwalimu Ndekirwa alitoka hospitali baada ya majuma saba. Safari yake ya kwanza kwa magongo ilikuwa ya kwenda kwenye mkeka ule ule. Nyuma yake wakafuata wengine: mwenye punda aliyevuka mto salama, mchimba kisima aliyepanda akiwa hai. Kila aliyekwenda aliulizwa na wenzake, "Unakwenda kufanya nini kwa Bibi, kamba imekatika?" naye alijibu, "Hapana, mzigo umefika." Ndivyo neno likaenea, likashuka hadi sokoni, likawafikia hata watu wasiowahi kumwona Bibi Nakundwa.

Mama Tumsifu alipowapa ndizi leo hakuwa akilipa kazi. Magunia yake yalikuwa yamefika, naye aliwaona ninyi mlioyashika.

Mzigo ukifika, shukuru kamba.